Bibi wa Kwenye Kishikwambi

12 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Mama Mdogo kanipigia simu kuniambia operesheni ya koo imekwenda salama, na kwamba daktari kakukataza kusema hata neno moja. Nisamehe, nilicheka. Nikamuuliza, "Sasa huyo mgonjwa yuko hai kweli?" Wewe, mtu uliyekaa kwenye mitambo ya simu ya kampuni nzima, ukiwaunganisha mabosi na wadai wao, ukiwatuliza wateja waliokuja juu, mpaka ukastaafu bila kuishiwa na maneno! Basi kwa kuwa kusema huwezi na kuandika ujumbe kwenye simu hutaki, niandikie barua. Jirani yako dereva anapita huku na mzigo wake kila wiki, atatubebea.

Nami nina habari zako. Ndiyo, zako, ingawa hujatia mguu hapa. Vile vishikwambi vya darasa langu vimeanza kazi. Unakumbuka likizo ile nilipokuja kwako na fundi wetu wa kompyuta, yule mwenye miwani anayelalamikia kila kitu, tukafunga madirisha, tukazima friji, ukarekodi sebuleni? Sasa ndivyo inavyokwenda. Mtoto anaona picha, na chini yake maneno matatu. Akigusa neno sahihi kengele inalia, ting, anaendelea mbele. Akigusa lisilo sahihi unatoka wewe: "Aa-aa, siyo hilo mwanangu. Rudi tena, sina haraka na wewe." Au ile nyingine: "Lo, umekwenda wapi tena? Hebu rudi huku kwangu."

Fundi alitaka urekodi na sifa pia, ukamkatalia palepale. Ulisema anayepatia ana furaha yake tayari, anayekosea ndiye anayehitaji mtu. Akanung'unika, lakini kengele ikapita.

Basi Mama, darasa langu lote sasa lina Bibi. Hawa ni watoto waliokuwa wakikalishwa nyuma kabisa kwenye madarasa mengine na kuitwa wazito. Herufi zinawachezea, neno la leo kesho limekwisha kutoroka. Walikuwa wakiogopa kukosea mpaka wengine hawagusi kitu. Kwako wanakosea bila woga. Siku ile sauti yako ilikuwa inakwaruza, tukadhani ni mafua. Wao wanaipenda hivyohivyo, na mmoja wao ameanza kukohoa kama wewe kabla ya kusema.

Pumzika, unywe dawa, usimsumbue Mama Mdogo.

Binti yako,
Mwalimu


20 Februari

Mwalimu wangu,

Marahaba. Kwanza koma kunicheka. Nimekatazwa mdomo, mkono haujakatazwa, na nikifika huko nitakufinya.

Mama Mdogo wako amehamia hapa kunitunza, na sasa anaongea yeye tu. Kumbe miaka yote alikuwa anasubiri zamu yake, masikini, na mimi sijui. Nikitaka chumvi namnyooshea kidole jikoni, ananiletea sufuria. Nikikasirika nagonga meza, anasema, "Ndiyo dada, nakubaliana na wewe kabisa." Jana nimegonga meza mpaka kikombe kikaanguka, naye akasema anafurahi kuniona nimechangamka.

Koo linaendelea. Usiniulize sana habari za koo, zinachosha.

Hicho kishikwambi chako, jina lenyewe tu linanichekesha. Lakini nimesoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Kumbe nina wajukuu darasa zima, na sijawanunulia hata peremende. Wewe nilikuomba mjukuu mmoja tu ukanipa maelezo.

Niambie ni nani ananikosea zaidi ya wote. Huyo ndiye wangu.

Mama yako


3 Machi

Mama,

Shikamoo. Umeuliza, basi nakujibu, ingawa jibu lenyewe halinifurahishi.

Anayekukosea zaidi tunamwita Kidosho, kwa kuwa ni mdogo wa umbo na mzuri. Umri wake ungemweka darasa la tatu. Hasemi karibu chochote. Akitaka maji anashika kikombe, akitaka kutoka anasimama mlangoni. Asubuhi akifika haendi kwa wenzake, anakwenda moja kwa moja kabatini kusubiri kishikwambi chake, na akikipata anakikumbatia kwanza. Nilifurahi sana, nikasema huyu atakwenda mbali.

Mama, hajapata hata neno moja. Picha ya meza, anagusa "kuku". Picha ya kuku, anagusa "maji". Mashine haimtoi kwenye picha za hatua ya kwanza mpaka apatie, kwa hiyo yuko palepale alipoanzia, na wenzake wote wamemwacha, hata yule mvulana tunayemwita Profesa, ambaye nusu ya siku anatazama dari.

Juzi alikuja baba yake. Ni seremala, mtu wa taratibu, kanda zake za kupimia zinaning'inia kiunoni. Anamlea mtoto pamoja na shangazi yake. Nikamwonyesha matokeo kwa sababu sikuwa na namna ya kuyaficha. Akayatazama, kisha akasema, "Mwalimu, mimi si mtu wa kelele. Shule ya kwanza walisema mwanangu mzito. Nikaambiwa huku kuna mashine inayofundisha polepole, haichoki, haimchapi mtu. Sasa kama hata mashine imeshindwa, akae nyumbani na shangazi yake. Sitaki aendelee kuaibika."

Nimembembeleza aniachie mtoto mpaka mwisho wa Aprili. Amekubali kwa heshima tu, nilimwona usoni. Akimtoa hapa, Mama, hakuna shule nyingine itakayompokea. Atakaa uani mpaka awe mtu mzima. Ninaogopa, na sijui nifanye nini.

Binti yako


11 Machi

Mwalimu,

Marahaba mwanangu, na pole.

Mimi ualimu siujui, kwa hiyo usitegemee makubwa. Nimekaa tu hapa dirishani nikimwaza huyo mtoto, huku Mama Mdogo wako akinisimulia jinsi jirani alivyomsimulia jambo ambalo mimi ndiye niliyemsimulia jirani.

Kazini kwangu watu walikuwa wanakosea namba kutwa nzima. Anayekosea kwa bahati mbaya unamjua, anashtuka, anaomba radhi, anakata. Lakini walikuwepo na wale wengine. Kulikuwa na kijana mmoja wa bohari, kila siku baada ya chakula cha mchana anapiga kuulizia idara ambayo haipo. Namwambia, "Kaka, umekosea." Anasema, "Basi nisaidie dada, nimpate nani?" Kesho tena, idara nyingine ambayo haipo. Nikamwona mjinga kweli. Mjinga mwenyewe nilikuwa mimi, kwani huyo ndiye baba yako, Mungu amrehemu.

Sijui kwa nini nakwambia haya. Labda kwa sababu siku hizi sina mdomo wa kumkatiza Mama Mdogo.

Kula vizuri. Usilie mbele ya watoto.

Mama


19 Machi

Mama wee!

Shikamoo, shikamoo mara kumi. Nilipomaliza kusoma barua yako niliiweka chini, nikasema, haiwezekani. Kesho yake nikavuta kiti kidogo nikakaa nyuma ya Kidosho, nikijifanya nachonga penseli.

Ikaja picha ya meza. Kidole chake kikaenda moja kwa moja mpaka juu ya neno "meza". Kikasimama hapo. Halafu kikahama, kikagusa "kuku". Ukatoka wewe: "Aa-aa, siyo hilo mwanangu." Yeye akalaza sikio juu ya kishikwambi, akafumba macho, midomo ikawa inachezacheza pamoja na yako. Ulipomaliza akainuka, akatafuta kosa jingine.

Anakosea makusudi, Mama! Anakosea ili umsemeshe. Na sasa najiuliza nilikuwa wapi muda wote huo, kwa sababu mtu asiyejua kitu kabisa angebahatisha walau mara mojamoja. Huyu hakubahatisha hata siku moja. Ili ukosee hivyo lazima ujue jibu.

Jioni wenzake walipoondoka nikamwekea mezani kadi za karatasi, za picha na za maneno, zisizo na sauti yoyote. Alizipanga karibu zote, kila neno chini ya picha yake. Nilimkumbatia akashangaa.

Nikamwita baba yake nimwonyeshe. Mbele yake mtoto aliganda, hakushika hata kadi moja. Baba akaniambia kwa upole, "Mwalimu, ahsante, najua unanitia moyo." Yeye anaamini mashine, na mashine inasema sifuri.

Nikamwendea fundi. Kwake jambo ni rahisi, tukutoe wewe. Nikamwambia kama ni hivyo anitoe na mimi. Basi akasema tukuhamishie upande wa pili, uwe unasema mtoto akipatia. Lakini sifa hukurekodi! Tulikaa naye tukisikiliza rekodi zako zote tukitafuta neno moja la kusifia. Mahali fulani unasema, "Kaa vizuri, tuangalie tena." Fundi akakata hilo "vizuri" peke yake, akaliweka kwenye jibu sahihi, tukamjaribu Profesa. Akagusa neno, ukasema "Vizuri!" na Profesa akanyoosha mgongo, akashusha miguu kwenye kiti, akakunja mikono. Darasa zima likafanya hivyohivyo. Fundi alicheka mpaka akavua miwani, na huyo hacheki.

Kwa hiyo Mama, kazi ni yako. Koo likipona, Jumamosi mojawapo ya Aprili tunakuja na vyombo vyetu. Utasema tu, "Hewaa, ndilo hilo mwanangu!" na mengine kama hayo utakavyopenda, hata siku nzima. Kidosho atakufuata huko kwenye majibu sahihi mbio. Baba yake ataona mwenyewe. Daktari anasema utaruhusiwa lini kuongea?

Binti yako mwenye furaha


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza tena. Mama Mdogo anaapa kwamba ningeandika mapema yote haya yasingekuwepo, na kwa mara ya kwanza simgongei meza.

Daktari hakunikataza kusema. Nilimwomba Mama Mdogo wako aseme hivyo. Uvimbe ulikuwa mbaya, wakautoa pamoja na kisanduku chenyewe cha sauti. Nilijua kabla ya kuingia. Ule ubaya wa sauti siku tunarekodi haukuwa mafua, na hilo pia nilikuwa nalijua nusunusu. Uvimbe wameumaliza, wananiambia, na mimi nawaamini. Lakini kusema, basi. Napumulia tundu hapa shingoni, nalifunika na kitambaa. Wamenipa na kidude cha kushikilia chini ya kidevu kinachotoa sauti ya redio iliyokwisha betri. Nilikijaribu mara moja. Mama Mdogo alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akaanza kulia kweli, nikakirudisha kwenye boksi lake.

Sikukwambia kwa sababu ungeacha watoto ukaja kukaa kitandani kwangu na uso wa msiba. Pia kwa sababu kila barua yako ilikuwa inasema "Bibi kasema hivi, Bibi kasema vile". Nilikuwa nasoma habari za mtu anayesema. Nilitaka niendelee kuzisoma kidogo.

Sifa sina mwanangu. Ningekuwa nazo ningekupa zote. Nilipokuwa na mdomo nilijifanya mjuaji, nikachagua kengele.

Sitoki nje siku hizi. Watu wananisalimia na mimi natikisa kichwa, wanadhani najiona. Usije sasa hivi. Mshughulikie huyo mtoto.

Mama yako


8 Aprili

Mama,

Nimekasirika. Nakwambia hivyo waziwazi kwa sababu nikikuficha tutakuwa wawili tunaofichana.

Nimekasirika kwamba uliingia chumba cha operesheni na mimi huku nachonga penseli. Nimekasirika kwamba nilikuchekea kwenye barua ya kwanza, nawe ukanijibu kwa utani, huku unajua. Mama Mdogo naye atanitambua. Kisha hasira ikaisha nikabaki nalia, na hiyo ndiyo habari yote.

Nitakuja mwisho wa mwezi, utake usitake.

Sasa nikwambie jambo la kijinga. Tangu ifike barua yako, watoto wakishaondoka nafunga mlango wa darasa, nachukua kishikwambi, nakosea. Picha ya nyumba, nagusa "samaki". Unaniambia huna haraka na mimi. Nagusa tena. Fundi alinikuta juzi, akasimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza hakulalamikia kitu, akarudi zake. Leo asubuhi nimekuta ameninakilia rekodi zako zote kwenye simu yangu. Kwa hiyo hazipotei, usihofu. Lakini kwenye vishikwambi siziondoi. Siwezi. Mtoto yule hana sauti nyingine inayomwita mwanangu, na mimi nimebaki na hiyo tu.

Nitamwomba baba yake aniongezee muda.

Binti yako


14 Aprili

Wewe mtoto,

Nimegonga meza nikisoma barua yako, na safari hii Mama Mdogo alielewa.

Kwa hiyo nina Kidosho wawili? Mmoja ana udhuru, wewe huna. Unamfundisha mwenzako kusoma au mnakaa wote wawili mnakosea ili msikilize ajuza anakohoa?

Nilikaa kwenye simu zile maisha yangu yote. Kazi yangu haikuwa kuongea na watu, ingawa wewe na baba yako mliniona hivyo. Kazi ilikuwa mtu akipiga nimuunganishe na anayemtafuta, halafu nitoke kwenye laini. Nikibaki, wale wawili hawasikilizani. Huyo mtoto amepiga, mimi nimepokea, na nimemshikilia hapo kwa sababu anapenda na mimi napenda. Upande wa pili kuna baba yake anasubiri, na kuna vitabu, na kuna wewe. Nitoe kwenye laini.

Usiweke sauti ya mtu mwingine. Akikosea, pawe kimya tu. Lakini ukae wewe karibu naye, mwili mzima, siyo kwa kujificha nyuma ya penseli.

Huenda akakasirika. Huenda akakuchukia wiki nzima. Namjua, maana mimi pia nimenyang'anywa sauti hiyohiyo, na nilikasirika zaidi ya wiki. Niliificha kwenye utani, lakini nililia sana mwanangu. Usiku nilikuwa nafungua mdomo kumwita Mama Mdogo, hakitoki kitu, naanza kulia upya. Naipenda sauti yangu. Nimeizoea. Lakini isimfungie mtoto mlango.

Fanya kabla baba yake hajaja. Halafu niandikie ukweli, hata kama ni mbaya.

Mama


30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Naandika haraka kabla dereva hajaondoka, kisha naanza kupanga safari ya kuja kwako. Huu hapa ukweli wote.

Fundi alikutoa siku nilipopata barua yako. Asubuhi nikawaambia watoto kwamba Bibi amemaliza kazi yake kwenye mashine, amekwenda kupumzika. Profesa akasema, "Haya." Kidosho alikaa, akagusa kosa lake la kwanza, akalaza sikio. Kimya. Akagusa tena. Akakigeuza kishikwambi kutazama mgongoni kwake. Akakipeleka sikioni, akakitikisa, akakiweka sakafuni taratibu, akaenda kusimama mlangoni.

Alisimama hapo siku ile yote, na iliyofuata. Niliketi sakafuni karibu naye kama ulivyosema. Hakunitazama. Kishikwambi hakukigusa tena, hata nilipokiweka mapajani mwake alikisukuma. Nilikuwa na roho juu, na nakwambia kweli, nilikulaumu. Nilisema Mama amejiona shujaa, mimi nimempoteza mtoto.

Baba yake akafika siku tuliyopatana. Alikuwa amevaa shati la kutokea, nikajua amekuja kumchukua. Shangazi wa mtoto alikuwa ameshaambiwa. Akaketi kwenye kile kiti kidogo, magoti yakamfika kifuani, na akaanza kunishukuru. Mama, aliponishukuru nilitamani ardhi inimeze.

Mimi nilikuwa nikimsikiliza yeye, sikuwa natazama watoto. Profesa alikuwa dawatini na picha ya nyumba. Akagusa "samaki". Kimya. Akagusa tena "samaki", akaanza kupumua kwa nguvu vile anavyofanya kabla ya kulia. Kidosho akatoka mlangoni. Akaenda akaketi karibu yake, akamsogelea kabisa bega kwa bega, akakohoa kidogo kama wewe, akasema.

Akasema, Mama, kwa sauti, tena nzito: "Usilie mwanangu. Hiyo ni nyumba. Hii hapa. Gusa, nipo."

Hayo hayakuwa maneno yako. Nimesikiliza rekodi zako zote, "nipo" hukuwahi kusema popote. Mwendo ni wako, ule wa kuvuta neno la mwisho, lakini maneno kayatoa mwenyewe. Akakishika kidole cha Profesa, akakiweka juu ya "nyumba". Ting.

Baba yake alikuwa katikati ya sentensi. Aliikata. Akaniuliza kwa kunong'ona, "Huyo ni nani aliyeongea?" Nikamwonyesha kwa kidole. Akainuka kutoka kile kiti, kikainuka naye kwa sababu kimembana, akakitoa, akaenda akachuchumaa mbele ya mtoto. Alichomoa penseli yake ya kazi nyuma ya sikio, akaandika juu ya dawati lao, mali ya serikali, kwa herufi kubwa, neno ambalo halimo kabisa kwenye kishikwambi: BABA. Mtoto akalitazama. Akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akakipeleka mpaka ya mwisho, kisha akakitoa mbaoni akakigusisha kwenye pua ya baba yake.

Alicheka yule mtu, na machozi yanamtoka, mbele yetu wote. Akaandika neno jingine, na jingine. Dawati lote limejaa penseli na simruhusu mtu kulifuta. Kidosho haendi popote. Baba yake amesema hata nikimfukuza hatamtoa, na amechukua vipimo vya viti vyetu anasema vina hatari.

Mama, njoo. Najua tundu, najua kitambaa, najua watu wanadhani unajiona. Profesa ameuliza Bibi kapumzikia wapi. Huyo mwingine haulizi, lakini kila mlango ukifunguliwa anageuka kutazama. Nikija kwako usinirudishe peke yangu.

Binti yako,
Mwalimu


4 Mei

(Mwalimu, hii si yako. Usimsomee. Mpe mwenyewe.)

KIDOSHO,

MIMI NI BIBI.

BIBI HANA SAUTI SASA. SAUTI ILIUMWA, IKATOKA.

NINA TUNDU HAPA SHINGONI. USIOGOPE. LINA KITAMBAA.

NAKUJA NA MWALIMU. NITAKETI NA WEWE.

MIMI SISEMI. WEWE SOMA.

NINA MASIKIO MAWILI MAZIMA.

BIBI